Mkaguzi Hakupanda Juu

Mkaguzi wa majengo amekuja leo, akarudi. Na safari hii kosa si la ofisi!

Mnajua nilivyowachosha humu kundini kwa malalamiko, dari imepinda na ruhusa ya kutengeneza haitoki. Kumbe siku hizi wamebadilika. Nimetuma ombi kwa simu juzi, leo mtu anabisha hodi.

Bwana mpole, viatu kashavua.

"Bi Zuhura, ndani kuna nani?"

"Niko peke yangu."

Akarudi nyuma mpaka barazani. "Basi mwite mtu yeyote, hata jirani, nipande nione boriti."

Heshima yake, nimeipenda.

Nikaenda dirishani nikaita, "Mwanaesha!" Mazoea hayo. Mwanaesha, jirani yangu, kauza nyumba, wenyewe sasa ni wageni, na imefungwa. Watoto wangu wote wako Mombasa.

Nikampa kahawa mlangoni. Akanywa taratibu, akisubiri. Hakupita mtu wa kumwita.

"Nitarudi kesho asubuhi inshallah. Utakuwa na mtu?"

Nikasema ndiyo.

Sasa, aliye hapa Amu kesho naomba aje akae nami. Kahawa ipo.

Na mkaguzi akishaondoka, si lazima nawe uondoke.