Kamera Iliyotazama Barabara

Mnisamehe makosa ya kuandika na mwandiko wangu mbaya. Niliishia shule ya msingi, na kuandika kunanichukua muda.

Hapa Likasi mimi na yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, mtoto wa mama mkubwa, tunapiga picha za harusi na mazishi kwa droni. Yeye anairusha. Mimi nina rimoti ya pili, ya kamera peke yake: kwa kidole ninaiinamisha, ninaiinua, ninaigeuza. Kioo cha rimoti yake kinamwonyesha njia ya droni tu. Ninachopiga ninakiona mimi.

Juzijuzi tuliitwa kwenye mazishi ya mzee aliyefanya kazi migodini. Aliyetuita ni binti yake. Alikuwa hospitalini Lubumbashi, amejifungua kwa kupasuliwa, hawezi kusafiri. Aliniambia kwenye simu, "Mudogo wangu, maua na magari achana nayo. Minataka tu kuona papa anashuka."

Makaburini wanaume walishika kamba. Yaya akaishusha droni kidogo, mlio ukazidi, na mjane akainua uso. Kwenye kioo changu ilikuwa kama ananitazama mimi, kitambaa kimemtoka kichwani, mdomo wazi. Niliona aibu, kama mtu aliyeingia chumbani kwake bila hodi. Kidole kikageuza kamera. Ikatazama barabara ya Buluo, ambako mtu mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa.

"Unachukua?" yaya akauliza.

"Ndiyo."

"Usisinzie. Weye unasinziaka hata mbele ya sahani ya bukari."

Nilipoirudisha kamera, udongo ulikuwa umeshaanza kujaa.

Binti alipopata picha alipiga simu, yaya akaweka sauti juu ili na mimi nisikie. Kichanga kilikuwa kinalia karibu yake.

"Mama minamuona," alisema. "Kisha barabara, muntu na baiskeli. Kisha udongo. Papa iko wapi?"

"Ni upepo, mama. Ulisukuma droni," yaya akajibu. Aliamini hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia.

Binti alimbembeleza mtoto, kisha akasema: "Ile ya baiskeli minaiangalia kila mara. Minawaza labda kamera itageuka."

Hakukuwa na upepo. Yaya nimeshamwambia, na hajanisemesha tangu jana. Sasa nitakwenda Lubumbashi kumwambia binti mwenyewe, lakini naogopa kufika mikono mitupu. Siwezi hata kumsimulia, maana macho yangu pia yalikuwa barabarani.

Kwa hiyo ninyi mliosimama pale chini ya droni, nawaomba mniandikie. Kama simu yako ilichukua, hata kama picha inatikisika, nitumie. Kama haikuchukua, niandikie ulichokiona: nani walishika kamba, kama jeneza lilishuka sawa, na mama alisema nini.