Balbu Tatu za Vifaranga

Mkosaji wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu. Wa pili ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufuga kuku. Hapa Masieda nikisema hivyo tu, kila mtu anawajua.

Moto wa koroboi uliteketeza nyumba yangu na mbuzi waliolala ndani. Mimi nilitoka na mkono huu uliokunjamana. Umeme ulipofika, nikachukua vifaranga sitini wa kuanzia tena. Julai ya huku ukungu unakaa hadi saa sita, na kifaranga bila joto hafiki jioni. Balbu tatu ndizo zingekuwa mama yao.

Fundi kutoka Bashay alitaka kila balbu iwe na njia yake ya waya, ili moja ikizima nyingine zibaki. Shemeji, mtu wa ng'ombe, akacheka.

"Ndama nawafunga kamba moja, kutoka huyu kwenda yule. Waya zote hizi za nini? Na wewe shemeji uliyeungua, waya nyingi si ndiyo moto mwingi?"

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Nikautazama mkono wangu, nikakubali. Fundi akakusanya vyombo vyake akaondoka. Shemeji akaziunga mwenyewe, moja ikifuata nyingine kwenye waya uleule.

Zikawaka nyekundu, kama makaa yanayoishia.

"Mbona hafifu?" nikauliza.

"Vifaranga si wanafunzi," mwenyekiti akasema. "Hawasomi."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, ndicho kinachoniuma.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikarudi nikakuta banda giza. Balbu ya katikati ilikuwa imelegea kwenye holda, basi, zote tatu zimezima. Vifaranga walikuwa wamepandana kwenye kona moja kutafuta joto. Waliokuwa juu, kumi na mmoja, ndio waliopona.

Fundi nilimwita tena, akafanya alivyotaka tangu mwanzo. Shemeji alipopita nikamwamkia shikamoo, kwa sababu ni mkubwa. Kisha nikashika kitambaa, nikafungua balbu moja mbele yake. Mbili zikaendelea kuwaka, nyeupe, kali.

"Kumbe," akasema. "Sasa mbona siku ile hukukataa?"

Aliniuliza hivyo macho yake yakiwa kwenye mkono wangu.