Nyumba Aliyoipamba Redio

Waongoza wageni wa mji ule walikuwa na benchi lao chini ya ukuta wa forodha, na kwenye benchi hilo hakuna aliyeitwa jina alilopewa na wazazi wake. Mmoja wao walimwita Redio, kwa kuwa akishafunguliwa asubuhi hazimiki mpaka jioni. Hakuwahi kukasirika. Mwanamke aliyefiwa na mume angali kijana, akamsomesha binti yake kwa mdomo wake tu, hana sababu ya kuuonea haya mdomo huo.

Kazi aliirithi kwa mjomba wake, mzee mwembamba mwenye sauti iliyompita kimo. Mjomba alimfundisha kutembea kinyumenyume huku akimtazama mgeni usoni, kumweka mgeni upande wenye kivuli, na zaidi ya yote, kupamba. Hiyo ndiyo siri ya benchi. Nyumba za kale za pale ufukweni zina milango ya kuvutia, lakini milango yenyewe haifunguliwi: wenye nyumba walikufa, au walihama, au hawataki bughudha. Sasa mgeni aliyetoka kwao kuja kutembezwa utamwonyesha mbao na misumari tu? Basi mwongozaji humpambia. Husimama barabarani, akaiingia nyumba kwa maneno, akatandika zulia hapa, akatundika taa pale, akamkalisha bibi harusi dirishani. Kila mmoja ana nyumba zake alizozipamba, na mwenzake hazigusi, kama vile mtu asivyoingia jikoni kwa jirani akafunua sufuria.

Redio alikuwa bingwa wa kupamba. Nyumba aliyojivunia kuliko zote ilikuwa ile yenye roshani ya bluu, mwisho wa barabara ya pwani. Alikuwa ameijengea ngazi za mawe meupe, akaiwekea saa ndefu isiyowahi kukosea, na juu ya ngazi akamtua kasuku mzee anayewaita watu kwa majina ya marehemu wa nyumba ile. Watoto wa wageni walimpenda sana huyo kasuku. Na Redio mwenyewe, nisiwafiche, hakuwa amewahi kukanyaga ndani ya nyumba ile hata siku moja.

Asubuhi moja alifika kwenye benchi mzee aliyevaa koti zito la sufi, jua likiwa tayari linachoma. Hakuwa na kamera wala kofia ya kitalii. Alisimama wima kama mtu aliyezoea kusimamia wenzake, akawatazama wale waongozaji mmoja mmoja.

"Nataka mtu wa kunitembeza," alisema. "Mimi peke yangu. Sitaki kuchanganywa na watu."

"Mchukue Redio, mzee," mmoja alidakia. "Utachoka wewe kabla hajachoka yeye."

Wengine wakacheka. Mzee hakucheka, na Redio akajua hapo hapo kwamba leo hakuna mzaha. Akaokota mwavuli wake, akamwamkia, wakaondoka.

Walikuwa hawajafika hata kwenye soko la samaki mzee alipoeleza shida yake, kwa sauti kavu, kama anayetoa taarifa ya kazi. Alikuwa msimamizi wa ujenzi wa barabara, sasa amestaafu. Mwanawe wa pekee aliishi katika mji huu miaka mingi, na miezi michache iliyopita kifua kilimuua. Hospitali iliwapigia simu, lakini kabla hawajajipanga, rafiki zake walikuwa wamekwisha kumzika.

"Kaburi nimeliona jana," alisema. "Leo nataka kuona alivyokuwa akiishi. Mama yake miguu imemwishia, hawezi safari. Mchana huu nitampigia simu nimweleze kila kitu: alilala wapi, alikaa wapi. Hilo ndilo lililonileta. Siwezi kurudi kwa yule mama mikono mitupu."

"Pole sana, kaka yangu," Redio alisema. "Tutaona yote."

Akaanza kazi. Alimwonyesha mahakama ya zamani, akamwonyesha ngazi za forodha na mnara wa taa. Mzee alitazama kila kitu kwa adabu, lakini swali lake lilikuwa moja tu. "Hapa alipita?" Akionyeshwa kanisa, hapa alipita? Akionyeshwa mnada wa samaki, hapa alipita? Redio akajibu alipita, mzee, hapa kila mtu anapita. Na hilo lilikuwa kweli.

"Nyumba yake utaijua tu," mzee alisema walipokaribia barabara ya pwani, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. "Alinisimulia kila Jumapili kwenye simu. Ina roshani ya bluu inayotazama bahari. Ngazi ni za mawe meupe, unateleza usipoangalia. Kuna saa ndefu haijawahi kukosea. Na kuna kasuku, hebu fikiria, kasuku alimrithi kwa mwenye nyumba wa kwanza, anawaita watu kwa majina ya wafu! Mimi nilikuwa nacheka mpaka machozi."

Redio alisimama. Alikuwa akitembea kinyumenyume kama kawaida yake, nusura aanguke.

Alimjua yule mwana. Wote pale walimjua. Alikuwa mpiga pasi wa hoteli kubwa, kule nyuma kwenye chumba cha kufulia, na watu walimwita Kola kwa namna alivyozinyoosha kola za mashati. Kila alasiri alikunywa chai kwenye kibanda kile kile anachokunywa Redio, shati limemgandia mgongoni kwa mvuke, akikohoa. Na kila alasiri alikuwa na ombi lake: "Mama, hebu nieleze tena ile nyumba. Ndani ikoje?" Redio akadhani ni kijana anayependa hadithi. Akampa ngazi, akampa saa, siku nyingine akamwongezea kasuku ili amchekeshe kwa sababu alikuwa anaumwa. Siku ya mazishi yake alisimama nyuma ya watu, akalia kama wengine. Haikumpitikia hata kidogo kwamba kuna mzee mahali fulani anayeijua nyumba ile chumba kwa chumba.

Hapo ndipo alipaswa kusema. Alijua, na alijilaumu baadaye. Lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa Redio ulikuwa na mazoea ya miaka. Mzee alikuwa amekwisha kuiona roshani. Alikuwa ameinua mkono kuionyesha.

"Ile pale! Si ndiyo?"

"Ndiyo yenyewe," Redio akasema.

"Kumbe kubwa hivi." Mzee aliitazama kuanzia chini hadi juu, akaitazama tena. "Mwanangu alikaa humu."

"Mtu wa heshima alikuwa," Redio aliendelea, na alijisikia vibaya huku anaendelea. "Jioni akikaa pale juu na gazeti lake. Sisi wapita njia tukimsalimia."

"Basi nitaingia."

"Wenyewe wamesafiri, mzee. Wale walioipanga baada yake."

"Hata mlinzi tu. Nimshukuru. Nimsalimie huyo kasuku, nimwambie mke wangu nimemsikia kwa masikio yangu."

Redio hakuwahi kuonana na mgeni wa namna hiyo. Wageni wote husikia neno "wamesafiri" wakapiga picha ya mlango, wakaenda zao. Huyu alikuwa ameshapanda vidato vya mlangoni, akagonga kwa ngumi ya msimamizi wa barabara. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Redio siku ile ilikuwa vidato vitatu.

Aliyefungua alikuwa mlinzi aliyevaa kandambili, ameshika kikombe. Nyuma yake zilionekana ngazi za mbao zilizoliwa na mchwa, na marundo ya majalada yamepangwa hadi darini.

"Redio! Leo umeniletea mgeni wa ndani?" Mlinzi alicheka. "Hapa hakuna cha kuona. Ni stoo ya mawakala wa meli tangu mimi sijaota ndevu. Makaratasi na panya."

"Na kasuku?" mzee aliuliza.

"Kasuku gani, mzee wangu?"

Mzee aligeuka, akamtazama Redio. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anasubiri aambiwe wamekosea nyumba.

"Kasuku ni wangu," Redio alisema.

Mlinzi, mtu mwenye akili zake, akarudisha mlango taratibu. Redio akamweleza mzee yote pale pale kwenye kizingiti, bila kupamba: pasi, chumba cha kufulia, kibanda cha chai, na jinsi alivyoitunga nyumba ile kwa ajili ya wageni, na Kola akawa anaibeba kipande kipande. Alisema nisamehe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mzee alisikiliza akiwa ameshika vifungo vya koti lake. Redio alidhani atampiga, na moyoni akasema akinipiga ni haki yake.

"Nipeleke alikolala," mzee alisema.

Walipita uchochoro ambao Redio hajawahi kumpitisha mgeni, penye mapipa ya taka na mabomba yanayovuja, wakatokea ua wa nyuma wa hoteli. Chumba cha kufulia kilikuwa kirefu, na joto lake lilikupokea mlangoni kama mtu anayekusukuma. Mashuka yalining'inia kila mahali. Mwanamume mnene mwenye alama za kuungua mikononi alisimamisha pasi yake alipoambiwa mgeni ni nani, akajipangusa, akaja kumshika mzee mikono yote miwili.

"Baba yake Kola," alisema. "Karibu, baba. Karibu kwetu."

Alimwonyesha meza. Alimwonyesha chumba cha pili walikolala zamu kwa zamu, vitanda vya chuma vya kupandiana, na kitanda chake, ambacho sasa kilikuwa na mtu mwingine amelala usingizi wa uchovu amejifunika uso. Walizungumza kwa kunong'ona wasimwamshe.

"Alikuwa fundi, baba," yule mpiga pasi alisema. "Shati likitoka kwake, hata mwizi akilivaa utamwita mheshimiwa. Alipoanza kuumwa tulimwambia rudi nyumbani, ukatunzwe. Akasema bado."

"Bado nini?"

"Hatukujua, baba. Alikuwa anasema bado tu."

Mzee alitoka nje, akakaa kwenye kreti la soda uani. Akavua lile koti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Chini yake alikuwa mtu mdogo tu.

"Mimi ndiye ninayeijua hiyo bado yake," aliwaambia, lakini hakuwa akiwaambia wao hasa. "Siku anaondoka nilimwambia, usinipigie simu ya shida. Wanaume wangu barabarani walikuwa wakinililia shida kutwa nzima, sitaki kuliliwa hata nyumbani. Nipigie ukishakuwa mtu. Kwa hiyo angerudije? Angerudi na kifua kile, aseme nini?" Akatoa simu mfukoni na kuitazama. "Na sasa nimwambie nini mama yake? Ataanguka. Yeye ndiye aliyekuwa anaishi kwa zile Jumapili."

Redio alikuwa na maneno ya kila namna, ya furaha na ya msiba, ya wageni wa karibu na wa mbali. Alitafuta moja la kumfaa mzee huyu, akalikosa. "Sema ulichokiona, kaka," ndiyo yote aliyoweza.

Mashine za kushindilia barabara zilikuwa zimemharibu mzee masikio, kwa hiyo simu yake ilikuwa ya kusikika na wote. Iliita kidogo tu. Mke wake alikuwa ameishika mkononi, bila shaka.

"Umefika kwake?" sauti ya mwanamke iliuliza.

"Nimefika."

"Eeh?"

Mzee alifumba macho. "Mke wangu, jikaze. Umekaa? Jikaze. Mtoto wetu hakuwa na nyumba. Alikuwa anapiga pasi hotelini. Mashuka ya watu, mashati ya watu. Alilala kitanda cha zamu. Nimekaa hapa alipokuwa anafanyia kazi, na wenzake wananiita baba. Nisamehe kukuambia hivi kwenye simu."

Redio alimshika mzee bega, maana alidhani mama wa watu ameanguka.

"Najua," mwanamke alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba anapiga pasi. Alinieleza tangu mwaka wa kwanza, baba watoto. Na kifua alinieleza. Akaniapisha, mama, baba asijue mpaka nipate pa kuanzia. Nikamwambia njoo, baba yako nitamkabili mimi. Akaogopa."

"Na ile nyumba?" Sauti ya mzee ilikuwa imekwisha. "Roshani, na saa, na yule ndege? Kila Jumapili?"

"Nyumba ilikuwa yako wewe. Alikuwa anazungumza na mimi kwanza, ukiwa bado hujaingia ndani. Akimaliza anasema haya, mama, sasa nipe baba nimsimulie. Nilikuwa nakaa pembeni naona unavyocheka. Ningekuambiaje?"

Mzee aliishusha simu mapajani bila kuikata. Mle ndani mlisikika pasi zikishushwa juu ya meza, moja baada ya nyingine. Alimwinulia uso Redio, yule mwanamke aliyekuwa amemtembeza tangu asubuhi.

"Umeona?" alimwambia. "Miaka yote hiyo, mwanangu mwenyewe alikuwa ananisimamisha nje, kama mgeni."