Majina ya Milima ya Mama

Mama alizaliwa milimani Mamboya. Mimi nilizaliwa Kilosa mjini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa baba aliyetoka mbali, na nyumbani tulisema Kiswahili. Likizo zikifika mama alinipandisha kwao, akanitajia kila kilima, bonde na kijito kwa Kikaguru, pamoja na maana yake: hapa ukungu hulala, hapa udongo hauishi kuteleza. Nilikuwa mjuaji. Nilimwambia majina hayo hayamo kwenye ramani ya shule. Akacheka, na tangu siku hiyo hakunitajia tena.

Baba alipofariki, mama alirudi kwao kulima maharage. Masika yaliyopita alinipigia simu ofisini, mchana. Alikuwa ameanguka akitafuta kuni, mguu hauinuki, na mvua imeanza. Akanitajia alipo. Nikamwuliza ni karibu na nini. Akarudia jina lile lile, polepole, kisha simu ikazima.

Nilikodi bodaboda hadi Mamboya, roho juu. Sikuwa na namba ya jirani yake hata mmoja, na hiyo ni aibu yangu nyingine. Vijana niliowauliza njiani jina lile hawakulijua. Nao wamesoma kama mimi. Nikazunguka mlimani ndani ya ukungu nikiita, maji ya mvua yakimeza sauti yangu. Saa kumi na moja jioni ndipo nilipokutana na bibi mmoja, jirani yake, akitoka shamba. Nikamwamkia, nikamtajia jina. Alinitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemwuliza mlango wa nyumba yetu. Akasema ni pale kijito kinapoingia chini ya jiwe na kupotea.

Nilipajua. Utotoni nilichezea pale likizo nzima, na siku ile nilikuwa nimepita juu yake mara mbili.

Tulimkuta ameegemea lile jiwe, ameloa, midomo inatetemeka. Nilimvika koti langu nikilia, nikimwomba radhi.

"Nilikuambia niliko, mwanangu," alisema.

Homa ya mapafu ilimwondoa duniani kabla wiki haijaisha, na baada ya maneno hayo hakuniambia mengine ya kueleweka. Yale ya pale kwenye jiwe hakuyasema kwa hasira. Bora angenigombeza.