Burulkan Ayafuta Maneno Yake

Katika bonde lile, mtu hakuhesabika amekufa mpaka Burulkan amlilie. Wakirgizi wengine huazima maneno ya kuombolezea; yeye aliyatunga papo hapo, amegeukia ukuta wa hema pamoja na wanawake wenzake. Hata Asek mlevi alipokufa, Burulkan alimtafutia sifa: "Mkono wako haukuwahi kukaa mtupu." Kweli kabisa, siku zote ulikuwa na chupa.

Leo aliyelala nyuma ya pazia alikuwa Zuura, mdogo wake wa tumbo moja. Na Burulkan, fundi wa kuliza watu, amekauka kama ngozi iliyoanikwa. Hakujua anahisi nini. Alijua tu kwamba Zuura aliumwa tumbo tangu Jumatatu, na gari la mumewe, Toktosun, ambalo lingempeleka hospitali, lilikuwa kwenye mashindano ya farasi, na mwenyewe ndani yake.

Toktosun akachungulia mlangoni, kajifunga mshipi wa msiba, kashika fimbo ya kuegemea.

"Dada, leo tumwombee kimya kimya tu. Imamu kasema makelele si mazuri."

"Tangu lini wewe na imamu mnaongea? Si wewe uliyelewa harusini ukamkumbatia punda ukimwita mama mkwe?"

Wanawake wakaziba midomo kwa vitambaa.

"Basi sema mazuri, dada. Sema alikuwa mke mtulivu. Hakuwahi kunisumbua."

"Rudi nje, shemeji. Wageni wanakuja."

Mtulivu. Neno hilo lilikuwa lake Burulkan. Siku Zuura anaozwa, Burulkan ndiye aliyemwimbia wimbo wa kumuaga bibi harusi: uwe mtulivu, mdogo wangu, meza uchungu, usipaze sauti nyumbani kwa watu. Wazee walilia, wakamsifu. Zuura akatii. Akatii mpaka utumbo ukapasuka.

Kwato zikasikika. Wanaume waliofika wakaanza kulia kwa sauti, na Burulkan akafungua mdomo bila kujua kitatoka nini. Ukatoka wimbo wa harusi, mahadhi yale yale.

"Nilikwambia meza, Zuura. Tema!
Nilikwambia nyamaza. Nirudishie neno langu, limekuua.
Ulilia ndani ya mto, gari likikimbilia farasi.
Farasi walipata watazamaji, wewe ulipata ukuta."

Hapo ndipo alipojua: hakuwa na huzuni bado, alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo alistahili yeye mwenyewe. Machozi yakaja, ya moto.

Nje, vilio vikakatika kimoja kimoja. Shangazi yake, aliyekaa kando, akamfinya. "Una wazimu wewe? Anasikia!"

"Asikie. Kwani masikio kayaacha mashindanoni?"

Na angekwenda wapi? Mume aliyefiwa haondoki mlangoni wageni wakiendelea kuja. Toktosun alisimama pale na fimbo yake, wanaume wakimtazama, kisha wakitazama gari lililoegeshwa nyuma yake, vumbi la mashindano bado liko kwenye vioo. Wimbo ulikuwa umeshasema yote.

Desturi inataka kila kundi likifika, maombolezo yaanze upya. Burulkan alikuwa akipangusa pua aliposikia kwato nyingine, nyingi, zikipanda kilima.

"Kunywa maji kwanza," shangazi akanong'ona, safari hii bila kumfinya.

Akanywa. Akaugeukia ukuta. Akaanza tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.