Abiria wa Mulume

Mwanzoni Honorine alicheka. Mumewe Mulume alipomwita mbuzi wa jirani kwa jina la shemeji yake, Honorine alicheka mpaka akashika kiuno, na Mulume mwenyewe akacheka naye. Baadaye mzee akaanza kupotea njia ya kutoka kanisani Kamembe kurudi kwao Mururu, njia aliyoipita tangu ujana, ikawa majirani wanamleta wamemshika mkono. Kisha majina ya wajukuu yakamtoka, yakafuata ya watoto. Asubuhi moja, akimenya viazi vitamu mlangoni, Honorine aliinua uso akamkuta mumewe anamtazama kwa adabu nyingi, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Maman, samahani," akasema Mulume. "Weye ni muntu wa nani mu hii nyumba?"

Siku hiyo Honorine hakucheka.

Mulume alikuwa dereva. Alizaliwa ng'ambo, upande wa Bukavu, akavuka mto Rusizi akiwa kijana, na miaka michache baada ya uhuru akajipatia Pejo 404, rangi ya maziwa, gia yake ikiwa pale pale kwenye usukani. Gari hilo likawa teksi ya kutoka Kamembe kushuka Bugarama. Liliteremsha wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, na kupandisha wauza mchele. Wako watu wazima kule Rwimbogo ambao mama zao walijifungulia kwenye kiti chake cha nyuma, kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na Mulume hakuwahi kukataa kuamshwa. Minibasi zilipoingia, abiria walimkimbia mmoja mmoja. Akaliegesha gari nyuma ya nyumba, akalifunika kwa shitingi ya plastiki, akasema atalitengeneza. Mvua zikalitengeneza zenyewe kwa namna yao. Kutu ikaanza kwenye milango, ikashuka sakafuni, na kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Daktari alimsikiliza Honorine kwa upole, akamwambia ugonjwa huu hauna dawa. Alipomwona anajifuta macho akaongeza, pengine kwa huruma tu, "Mumuonyeshe vitu vya zamani. Saa zingine vinaamsha kitu." Honorine alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alimwonyesha Mulume picha za ndoa. Alimpikia bugali na sambaza kama mama mkwe alivyokuwa akizipika. Alimwimbia nyimbo za harusi za Kishi, lugha ya kwao mumewe, peke yake, sauti ikimkatika. Mulume alishukuru kwa kila kitu. Hakuamka.

Ndipo binti yao Feza, anayeishi Kigali, akapiga simu. Alisikia kwamba wenye magari ya zamani wana klabu yao, na kwamba mwezi ujao watateremka Kamembe na magari yao kwa wikendi moja: Jumamosi kuonyeshana magari kwenye hoteli ya ziwani, Jumapili kwenda kwa msafara mpaka chemchemi za maji moto upande wa Nyakabuye.

"Kama Papa ataona zile Pejo zote zimejipanga," Feza akasema, "huwezi kujua, Maman."

Honorine akamwendea Kamali, fundi wa bodi wa Kamembe, Mwislamu mpole aliyekuwa rafiki wa Mulume tangu enzi za teksi. Kamali aliinua shitingi, akafukuza kuku, akalala chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka nywele zake zilikuwa zimejaa vumbi jekundu.

"Maman Feza, nikuambie ukweli. Hii gari haishikwe na chuma tena. Inashikwa na kutu yenyewe. Nikiigonga sana itaanguka yote."

"Basi usiigonge sana," Honorine akajibu. "Itembee tu. Siku mbili tu itembee."

Kamali akafanya hivyo. Injini ilikuwa nzima kuliko bodi, na baada ya kusafishwa ikakohoa, ikawaka. Sakafu akaiziba kwa mabati ya paa. Honorine alisugua milango kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, naye Mulume alikaa kwenye kiti kivulini akiuliza wale kuku ni wa nani.

Jumamosi Kamali aliendesha, wazee wawili wakakaa nyuma. Kwenye uwanja wa hoteli magari yalikuwa yamepangwa yakimetameta, na wenyewe wamevaa kofia za aina moja. Pejo ya Mulume ilipoingia ikichechemea, wachache walicheka. Rais wa klabu, mzee mmoja wa Kigali aitwaye Sibomana, alikuja mwenyewe kuwafungulia mlango. Kipini kikambaki mkononi.

"Si kitu, si kitu," akasema, akakiweka mfukoni kwa aibu. "Karibuni sana. Mzee, weye ndiye mwenye gari?"

Mulume akatazama huku na huku kumtafuta aliyeulizwa.

Honorine alimtembeza mbele ya kila gari. Akamshikisha usukani wa hili, akamnusisha viti vya lile. Wanaume walimwuliza habari za gia na za mlima wa Nyungwe, wakangoja majibu, wakajijibu wenyewe. Mulume alikula mishikaki, akasinzia. Mtu mmoja alipomsogelea na kamera yenye mwanga mkali, alishtuka akajikojolea mbele ya watu wote. Wanaume wale waligeuka kwa heshima wakajifanya wanatazama ziwa. Honorine alimwongoza chooni, akamfua suruali kwenye sinki, akamvika kitenge chake mwenyewe kiunoni.

"Asanti, maman," Mulume akamwambia. "Mungu akubariki na batoto bako."

Batoto bako. Honorine aliikamua ile suruali mpaka maji yakaisha.

Jumapili asubuhi alitaka kubaki nyumbani, lakini Kamali alikuwa ameshaliwasha gari, akiona vibaya kuliacha kabla halijaiona njia yake tena. Msafara ulikuwa unapita Mururu, barabara ile ile ya Bugarama, nao wakaungoja kando ya barabara. Honorine alikuwa ameketi mbele. Kamali aliposhuka kufunga boneti kwa waya, injini ikiwa inawaka, Mulume alizunguka gari taratibu, akaingia upande wa dereva, akakaa. Aliuweka mguu wake kwenye klachi. Mkono ukapanda kwenye gia bila kuitafuta. Pejo ikaondoka laini, na Kamali akaruka pembeni, akabaki na koleo mkononi akipiga kelele.

Honorine hakupiga kelele. Alilia, lakini kilikuwa kilio cha furaha. Mulume aliendesha kama zamani, kiwiko dirishani, akikata kona za Rwimbogo bila kugusa breki ovyo, akiwapigia honi wanawake wenye mizigo kichwani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Aliheshimu kila gari lililokuja mbele. Kupitia tundu lililobaki sakafuni Honorine aliiona lami ikikimbia chini ya miguu yake, na hakujali.

"Maman, unashukaka wapi?" Mulume akauliza.

Aliuliza kwa sauti ya kazini.

"Tunaenda wote, Papa Feza."

"Hapana, mimi sifiki mbali leo. Nitageuza kule chini. Bibi yangu ananingojea."

"Bibi yako ni nani?"

Uso wa Mulume ukalainika kwa namna ambayo Honorine hakuwa ameiona kwa miaka. "Honorine. Binti ya Mzee Mukengere. Ni mukali, unajua? Nikichelewa ananiwekea chakula, lakini haseme kitu mpaka nimalize. Kisha ndio anaanza." Akacheka peke yake. "Sijawahi kumwambia, maman, lakini mimi nikiwa mu njia namuwaza yeye tu."

"Mwambie," Honorine akasema. "Mwambie sasa. Nitazame, Mulume. Ni mimi."

Alimtazama kidogo, akarudisha macho barabarani kwa uoga.

Walipofika tambarare, penye njia panda ya Nyakabuye, alisimamisha gari pembeni.

"Umefika, maman."

"Sijafika."

"Shuka, tafazali." Sauti yake ilianza kutetemeka, na jasho lilimtoka usoni. "Bibi yangu hapendi nikae na mwanamuke mu gari hivi. Shuka."

Honorine aliogopa atazidi kufadhaika. Akashuka ili azunguke, afungue mlango wa pili, azime injini. Hakuwahi kufika upande wa pili. Pejo ilimwacha pale pale, ikaingia kati ya mashamba ya mchele, na bati la sakafu lilikuwa linaburuzika likitoa cheche.

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake, kandambili zikamkatikia, akakimbia peku. Msafara ulimfikia akiwa bado anakimbia. Sibomana akampakia, Kamali alikuwa tayari ndani ya gari lile.

Walilikuta gari mbele kidogo, pua yake imezama kwenye mfereji wa maji ya mpunga. Sakafu ilikuwa imeachia yote, na miguu ya Mulume ilikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Hakuumia popote. Aliushika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele. Honorine aliingia mferejini na kitenge chake, akamshika bega.

Mulume akageuka. Alikuwa amekasirika kama watu wema wanavyokasirika, kwa shida.

"Maman, nilikufikisha vizuri. Kwa nini unanifuata?"

Watu wa klabu walifunga kamba, wakavuta. Nusu ya mbele ilikuja. Nusu ya nyuma ilibaki mferejini, na Kamali alirudi katikati ya wiki kuikatakata.

Tangu siku ile Mulume hakukubali tena Honorine aingie chumbani kwake usiku. Kuvishwa na kuoshwa alikubali, kwa kuwa alimhesabu kama msaidizi, lakini kulala humo, hapana. Feza alipokuja kutoka Kigali alimkuta mama yake ametandika mkeka sebuleni, kando ya meza.

"Maman, unalala hapa? Wewe?"

"Baba yako hataki," Honorine akasema, akikunja mkeka. "Anasema bibi yake akirudi asikute mwanamuke mwengine mule."

Feza alikaa chini akalia. Mama yake hakulia. Alikwenda jikoni kukoroga uji, maana mzee alikuwa ameanza kuita.

Mulume aliishi hivyo mwaka na zaidi, akimngoja mkewe, akimwuliza msaidizi kama amemwona sokoni. Alifariki wakati wa mvua. Wazee wa kanisa walipomaliza kumwosha na mazishi yakapita, Honorine alibadilisha mashuka, akaufungua mlango wa chumba, akalala upande wake wa kitanda.