Kidole cha Babu

Mwaka huu alikuja Kampala profesa mmoja kutoka Uingereza, anayeandika kitabu juu ya mtayarishaji wa filamu wa kwao, wa enzi za ukoloni. Mtayarishaji huyo alijitungia hadithi mwenyewe, akaja kuzipigia picha huku kwetu. Hadithi zenyewe zilikuwa moja tu: simba, binti wa Kizungu, na washenzi wa kuuawa. Wanajeshi wa Kinubi, wenye asili ya Sudani, waliazimwa kambini waje kufa mbele ya kamera. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

Tulionyeshwa filamu ukumbini Wandegeya. Babu, kavalishwa manyoya, anapigwa risasi, anaanguka, kisha anajiburura mchangani mpaka anaelekea kibla, anainua kidole cha shahada, ndipo anakata roho. Mzee hakutaka kufa ovyo, hata kwa kuigiza.

Profesa akatueleza kwamba kile kidole ni tambiko la mungu wa mvua, na kwamba mtayarishaji wake alifanya utafiti wa kina. Nikasimama, nikasema huyo ni babu yangu, Mwislamu mtoto wa Mwislamu, alikuwa anatoa shahada.

Profesa akaandika upesi, macho yanamng'aa.

"Ajabu!" akasema. "Kwa hiyo filamu ndiyo iliyomsilimisha?"